Vitambaa vya Somo

Hamu ya Muyinga hunipata sokoni. Mteja akifunua khanga mpya, harufu ya wanga wa kiwandani ikipanda, mimi nimeshaondoka Gitega: niko katika chumba chenye mkeka mmoja na chetezo cha udi, mwanamke ananisugua mgongo kwa liwa na kunikanya nisicheke. Mteja huyo huwa ananiuliza bei mara ya pili, na mara ya pili sijibu vizuri. Kwa mtu wa biashara hiyo ni hasara. Mimi ni mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, chenji, khanga, hata watoto wangu tukishuka garini, kwa hiyo najua hasara ninapoiona.

Mwanamke huyo alikuwa somo yangu. Kwetu, katika mtaa wa Waislamu wa Muyinga, msichana akiposwa hakabidhiwi kwa mama yake kufundwa. Anakabidhiwa kwa somo, mwanamke wa nje aliyekwisha kuonja ndoa na kuielewa. Somo humweka ndani, humsinga, humfundisha hedhi na twahara, namna ya kuishi na mume, na namna ya kumshinda mume huyo bila yeye kujua kwamba palikuwa na vita. Kilichomo ndani ya nguo hakizungumzwi na mama. Ni aibu kwa wote wawili. Kwa somo hakuna aibu. Mimi niliolewa nikahamia Gitega, kwa fundi cherehani wa mtaa wa Musinzira, lakini swali lolote la chini ya kitovu lilipanda gari likaenda Muyinga kujibiwa.

Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Alikuwa akiuza vitumbua asubuhi, na jioni alikuwa akifundisha. Nilijifunza kwake kuswali kwa utulivu na kupunguza bei bila utulivu. Siku alipokoma damu ya kila mwezi, miaka mingi nyuma, hakunong'ona kama wengine. Alituambia sote tuliokuwa kwake siku hiyo, “Wanangu, mi nimefunga duka. Funguo nimetupa mtoni.” Tukacheka mpaka majirani wakabisha hodi.

Basi mwaka ule wa foleni ndefu za mafuta nilikwenda Kobero mpakani kuchukua khanga, na wakati wa kurudi nikalala kwake Muyinga, gari la Gitega likiwa halijapata petroli. Asubuhi nikafua kitambaa changu cha kichwa, nikazunguka nyuma ya nyumba kukianika. Kati ya ukuta na uzio wa bafu palikuwa na kamba ambayo sikuwahi kuiona. Juu yake shuka kuukuu limetandazwa. Nikalifunua ili nipate nafasi.

Chini yake palikuwa na vipande vya khanga, vimekatwa kwa mkasi, vimekunjwa pande, vimefuliwa vizuri. Mimi naishi kwa nguo. Najua kitambaa cha kufutia meza na najua kitambaa cha mwanamke. Nikavihesabu. Nikavihesabu tena. Katika nyumba ile aliishi mtu mmoja tu, na duka lake lilikuwa limefungwa.

Nilimkuta barazani anapepeta mchele.

“Somo, duka limefunguliwa tena?”

Ungo uliendelea kupanda na kushuka. “Duka gani?”

“Lile ulilotupa funguo zake mtoni.”

“We umekuja kunisalimia ao kukagua kamba zangu?”

“Nimekuja kuanika. Macho nimekuja nayo, ningeyaacha wapi?”

Akatua ungo. Akatazama barabarani kama kuna mtu, na hapakuwa na mtu.

“Ni kidogo tu,” alisema. “Inakuja, inaenda. Na usinitazame hivyo, si hedhi. Ni istihadha. Mi ndiye nilikufundisha, umesahau? Damu ya hivyo mwanamke anajiosha, anajifunga kitambaa, anatawadha kila swala, anaswali, anafunga. Haimzuii kitu. Hukumu yake iko wazi.”

Alisema kweli. Hivyo ndivyo alivyonifundisha, na ndivyo ilivyo katika vitabu: damu isiyo ya siku zake ni damu ya maradhi, na haimvunjii mwanamke ibada. Lakini nilipokuwa nimekaa pale, mikono yangu ikiwa bado na maji, niliona jambo lililofanyika. Mwanamke asiyejua hukumu angeogopa, na hofu ingempeleka hospitali. Somo yangu aliijua. Aliuliza swali, akapata jibu sahihi, akatulia. Hakuona kwamba jibu lile lilikuwa la swala peke yake. Neno maradhi lilikuwa ndani ya jibu lenyewe, naye alikuwa akilipita kila siku mara tano akienda kutawadha.

“Hukumu ya swala nimeisikia,” nikasema. “Ya mwili je? Kitu gani kinatoa damu?”

“Hiyo Mungu anajua.”

“Na manesi wa Gitega wanajua kidogo pia.”

Nikamweleza nilichokuwa nimekisikia. Walipita sokoni kwetu na kipaza sauti: wanawake wa miaka thelathini na kuendelea waje kupimwa mlango wa kizazi, hata asiyeumwa, na hasa asiyeumwa, kwa sababu saratani ya pale huanza kimya na hukaa miaka ikiwa bado ni doa tu, kitu cha kuondolewa asubuhi na jioni mtu akapika. Wanapaka siki, siki ile ile ya kachumbari ila safi zaidi, wanangoja kidogo, wanatazama kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Mahali pengine mwanamke hupewa kijiti chenye pamba akajichukulia majimaji mwenyewe nyuma ya pazia, yakaenda kutafutwa kirusi. Matiti nayo wanayapapasa, wanakufundisha ujipapase mwenyewe. Na yote bure.

“Na we ulienda?”

“Mimi nikisikia bure hushika mkoba wangu kwanza.”

“Kumbe! Unaniuzia kitu we mwenyewe hujakionja.”

Hapo alinishika. Tukaanza kupatana, na naomba niseme kwamba nimepatana na Wakongo, na Watanzania wa mpakani, na wakulima wa Bugendana wanaotembea tangu alfajiri na ndizi kichwani na hawana haraka ya kushuka bei. Hakuna aliyenichosha kama yeye. Nilitaka aende hospitali ya pale pale Muyinga, wiki ile ile. Hakutaka. Muyinga nzima ilikuwa imefundwa naye. Angelala juu ya kitanda na miguu hewani mbele ya mtu ambaye mama yake alikuwa mwari wake?

“Mi niliwafundisha kujistiri. Leo mi nifunuliwe?”

“Basi Gitega. Gitega hakuna anayekujua.”

“Na awe mwanamke.”

“Atakuwa mwanamke.”

“Na we unaanza. Wanakutazama kwanza, mi nasimama mlangoni nasikiliza. Ukipiga kelele, mi narudi Muyinga kwa miguu.”

Nilijaribu kukwepa sharti hilo la mwisho. Nikasema mimi siumwi. Akaniambia, kwa maneno yangu mwenyewe, kwamba hasa asiyeumwa. Nikakubali. Kwa jirani ningesema kwamba nilijitoa kwa mapenzi. Ukweli ni kwamba nilishindwa bei.

Petroli ilichelewa. Wiki zikapita, kila nikimpigia simu ananiambia gari hakuna, nami sikuweza kujua lini gari halipo na lini yeye ndiye hayupo tayari. Mwishowe alikuja na lori la mchele, amekaa mbele kwa dereva, na nilipompokea nilijua. Khanga haidanganyi: ile aliyokuwa akijifunga mara moja na kitu kidogo, sasa ilimzunguka karibu mara mbili.

Kwenye benchi la kituo cha afya alikaa katikati ya wanawake kumi hivi, wengi kutoka Gishubi, Wakristo, wengine wamekulia Tanzania kwenye kambi za wakimbizi wakarudi na Kiswahili chao kilichonyooka. Walikuwa kimya, kila mtu anatazama vidole vyake. Ukimya ule hakuuweza.

“Mbona mnakaa kama mnangoja hukumu?” aliwauliza. “Huko ndani hakuna kitu ambacho mume wako hajakiona.”

“Mume wangu huwa anazima taa, Mama,” alisema mmoja.

“Basi leo nesi atamshinda.”

Benchi zima likayumba kwa kicheko, na kabla sijaitwa alikuwa ameshawafundisha namna ya kulegeza mapaja wasiumie. Niliitwa nikiwa bado natabasamu.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono ya moto, na namshukuru Mungu kwa mikono ile kwa sababu kile chuma chake kilikuwa baridi. Akapaka siki. Ikawasha kidogo. Akaelekeza taa, akanyamaza, akatazama tena.

“Mama, kuna doa,” alisema. “Si saratani. Ni kitu ambacho kingeweza kuwa saratani baada ya miaka, kikiachwa. Ukitaka, nakichoma leo hii.”

“Kinatoka wapi?”

“Kuna kirusi. Kinapita kwa mke na mume.”

Pale kitandani, miguu juu, nilimpeleka fundi wangu mahakamani, nikasikiliza kesi na kumfunga. Nesi lazima alishazoea sura hiyo, maana alisema bila kuulizwa, “Kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimelala. Huwezi kujua kiliingia lini wala na nani. Usiende nyumbani kuvunja vyombo.” Nikamfungua fundi wangu, kwa dhamana.

Alikichoma kwa kifaa chembamba chenye joto. Iliuma kama tumbo la siku ya kwanza, kisha ikapoa. Dakika chache, jambo likaisha. Nilivaa, nikatoka, nikamkuta somo amesimama mlangoni kama alivyoahidi.

“Sikusikia kelele.”

“Hapakuwa na sababu.”

“Wameona nini?”

“Doa. Wameshaliondoa.”

Halafu akanishika kidevu, kama alivyokuwa akinishika siku za kufundwa nilipopatia jibu. “Na bwana?”

“Akae mbali mwezi na zaidi, mpaka pakauke.”

“Yampaye inka!” alishangaa kwa Kirundi. “Hiyo dawa ingekuwepo enzi za marehemu wangu, ningepimwa kila mwezi.”

Akaingia akicheka. Kicheko chake nilikisikia hadi pazia lilipofungwa.

Alikaa ndani sana. Kisha nesi akatoka, hakunitazama, akaenda kumwita daktari, daktari mwanamke, nami nikamshukuru nesi kwa kutimiza sharti la watu ambao hakuwa na deni nao. Baadaye nilielezwa: kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, siki haisemi sana, mlango wenyewe umeingia ndani; lakini kwa somo haikuhitajika siki. Kilionekana kwa macho. Wakachukua kinyama kidogo kwenda kupimwa, na jibu lilipokuja lilisema walichokuwa wamekiona.

Alipotoka siku ile alifunga khanga yake polepole, akaifungua, akaifunga tena.

“Ameniuliza ilianza lini,” alisema.

“Ukamjibu nini?”

“Nimemwambia nilikuwa naswali vizuri.”

Mambo yaliyofuata yalikuwa ya hospitali, na wengi wanayajua: karatasi, gari la Bujumbura, picha, daktari mwingine anayesema kwa Kifaransa na mwingine anayetafsiri. Saratani ilikuwa imetoka nje ya mlango wa kizazi, imeshika pembeni. Mionzi ingeweza kuisukuma nyuma kwa muda, na mionzi ilikuwa safari ya nchi nyingine. Kaka zake walikuwa tayari kuuza shamba. Yeye alisikiliza, akauliza kwa utulivu muda huo ni kiasi gani, akaambiwa hakuna anayeweza kuahidi. “Bidhaa isiyo na dhamana,” aliniambia kwa pembeni, “na bei shamba zima. We ungenunua?” Nilimwambia ningenunua. Akaniambia ndiyo maana sikuwa tajiri. Alichukua dawa za maumivu, akarudi Muyinga.

Wakati huo nilikuwa nafika kwake kila nilipopata gari. Sina mengi ya kusimulia kuhusu maumivu. Nitasimulia ile Alhamisi alipotuita.

Alituma neno kwa wari wake wote, kila mwanamke aliyepita mikononi mwake, na tulijaa chumba, tukajaa baraza, wengine wakasimama nje dirishani. Wengi walidhani ni dua. Alikuwa ameegemezwa mito, amepakwa hina, na udi umefukizwa zaidi ya kawaida ili kufunika harufu tunayoijua.

“Nimewaita kwa darasa,” alisema. Sauti ya jeshi ilikuwa imekwenda; tulilazimika kusogea. “Kuna moja nililiruka.”

Akasema yote. Alisema damu, alisema mahali, alisema vitambaa alivyokuwa akivificha chini ya shuka. Mwanamke mmoja wa rika lake, aliyekuwa karibu na mlango, alishindwa kuvumilia.

“Dada, jistiri. Hayo ni ibanga.”

Ibanga ni siri, ila kwa Kirundi ni zaidi ya siri. Ni heshima ya mtu, na mwenye kuivunja amejivunja mwenyewe.

“Nimejistiri tangu nibalehe,” alijibu somo. “Nimestiri na hiki pia, nikakilisha, kikanenepa. Leo niachieni. Damu ikija baada ya kukoma, au baada ya mume, au katikati ya mwezi, oga, uswali, na siku hiyo hiyo utafute nesi. Zote mbili. Msifanye moja kama mimi. Na ambaye hana damu, hana maumivu, ana miaka thelathini, huyo aende kabla ya wote. Huyu wa Gitega hapa, alienda ili kunidanganya mimi niende. Wakamkuta na doa. Leo hana. Haikumchukua hata muda wa kupika wali.”

Macho yote yakanigeukia. Nilijua sasa aibu za mlango wangu wa kizazi zitazunguka Muyinga hadi Kobero kabla ya alasiri.

“Mume wangu hataki nitazamwe,” alisema msichana mmoja nje, dirishani.

“Mume wako nani alimtengenezea mke?”

“Wewe, Somo.”

“Basi mwambie fundi ameita chombo chake kukiangalia.”

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka kwa sauti kubwa, na wawili watatu wakawa tayari wanalia ndani ya kicheko kile kile. Yeye alifumba macho, ametabasamu, amechoka. Wiki iliyofuata baadhi yao walikwenda. Wengine hawakwenda, na nawajua kwa majina.

Alikufa mvua zilipoanza. Nilifika maiti imeshaoshwa. Walioiosha walikuwa wari wake wakubwa, na waliniambia walifanya taratibu kama yeye mwenyewe anasimamia, kwa sababu kila mmoja alikuwa anamsikia akikosoa.

Nesi wa Gitega alikuwa amenipa randevu, miadi ya kurudi baada ya mwaka mmoja. Nilikwenda peke yangu. Benchi lilikuwa lile lile, wanawake wengine, na ukimya wao sikuweza kuufanya chochote. Nilitafuta neno la kuwachekesha, nikakuta maneno yote niliyo nayo ni ya mtu mwingine. Ndani, siki, taa, kunyamaza kwa nesi. Safari hii alinyamaza kidogo tu.

“Pako safi, Mama. Hakuna doa.”

Nilimwomba atazame tena. Akatazama tena. Safi.

Nikatoka nje juani. Kwetu habari ya mwili ina mpangilio wake: anayeambiwa kwanza ni somo, ndiye anayejua ikae wapi, imfikie nani na kwa maneno gani. Mume hupata iliyochujwa. Mama hupata salamu. Nilisimama kando ya barabara na habari njema, nikitazama upande linakotokea gari la Muyinga. Lilikuja, utingo akaniita, “Mama, twende, nafasi iko!” Nikamwambia sisafiri. Akasema atanipunguzia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupunguziwa bei bila kuomba, na sikuwa na mahali pa kwenda.

Nikarudi Musinzira. Mume wangu alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni. Nikamwambia pako safi. Akatoa pini moja moja, akasema alhamdulillahi, akaniuliza kama nimekula. Ni mtu mwema. Lakini hakunishika kidevu. Hakuna aliyemfundisha, na mimi sikujua namna ya kumwomba.